Aliyekuwa wa Nyuma



Mwezi huu tunatafakari juu ya neema, nasi twaomba ruhusa ya kuanzia mbali: mji wa Sochi, Urusi, tarehe 13 Februari 2014, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Ilikuwa fainali ya wanawake ya mita 500 juu ya barafu. Walijipanga wanne: Park Seung-hi wa Korea Kusini, Arianna Fontana wa Italia, Elise Christie wa Uingereza, na Li Jianrou wa China.

Kwa sisi wa nchi za joto yafaa kueleza. Mzunguko wa uwanja ule ni mita 111 na kidogo tu. Wakimbiaji huvaa viatu vyenye chuma kikali chini yake, na kwenye kona huinama hata mkono ukagusa barafu. Hakuna mstari wa kila mtu peke yake kama katika riadha. Wote hugombea njia ile ile. Ndiyo maana kuanguka ni jambo la kawaida.

Li hakutazamiwa kushinda. Wang Meng, bingwa wa mbio hizo mwaka 2006 na 2010, alikuwa amevunjika kifundo cha mguu mazoezini mwezi Januari. Fan Kexin, Mchina mwingine, alianguka katika nusu fainali. Akabaki Li, na mbio zilipoanza alikuwa wa mwisho. Mara wale watatu wa mbele wakagongana wakaanguka. Li akapita, akaendelea peke yake, akamaliza kwa sekunde 45.263. Park aliinuka, akaanguka tena, akainuka tena. Christie alivuka mstari wa pili lakini waamuzi wakamwondoa, hivyo fedha ikawa ya Fontana na shaba ya Park.

Tukiri kwamba tulipoonyeshwa picha za mbio zile, tulicheka. Tulisema ni bahati ya mtende. Kisha kicheko kikatukwama kooni, maana nasi tuliwahi kupewa uongozi wa shule kwa sababu mwenzetu aliyestahili zaidi aliugua. Kila mtu alijua. Mwaka wa kwanza tuliona haya, tukafanya kazi kama mwizi anayeogopa kushikwa. Mwaka wa pili tulianza kujisifu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ndugu, hatujui lipi humchukiza Mungu kuliko lingine: kuikataa zawadi yake au kuigeuza mshahara wetu.

Li hakufanya lolote kati ya hayo. Hakumsukuma mtu. Alikuwa nyuma, lakini alikuwa uwanjani, wima, baada ya miaka mingi ya mazoezi. Na njia ilipofunguka aliipita. Aliye nyumbani amelala haangukiwi na bahati ya namna hiyo.

Msomaji atauliza: Je, Msamaria Mwema? Mbona hakusimama awainue? Swali ni zuri. Lakini mbio zile hazifiki hata dakika moja, na walioanguka waliinuka wenyewe. Wakati wa kunyoosha mkono huja baada ya mstari. Hapo ndipo sisi tulipokosa. Mwenzetu yule alilala kitandani muda mrefu, nyumba yake ikiwa mwendo wa robo saa kutoka shuleni, nasi tuliogopa macho yake. Tulimtembelea baada ya miezi minane. Alitukaribisha chai, akauliza habari za darasa la saba, na hakutaja cheo hata mara moja.

Tarehe 18 Februari, katika mbio za kupokezana za mita 3,000, timu ya China ilivuka mstari ya pili, waamuzi wakaiondoa. Dhahabu ilikuwa ya Korea Kusini, na Park alikuwamo. Siku tatu baadaye Park alishinda mita 1,000, na aliyemfuata alikuwa Fan Kexin, yule aliyeanguka.