Jodari ni Halali, Barafu ni Jukumu la Nani?

Kwenye bucha za Mombasa, mnunuzi Mwislamu hutaka kujua nani kachinja. Kwa samaki hakuna anayeuliza. Wengi Pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na wanajua tangu utotoni kwamba samaki wa baharini ni halali bila kisu. Kwa hiyo jodari anaposhushwa Liwatoni, upande wa Kilindini wa kisiwa, suala la dini huonekana limekwisha, imebaki bei tu.

Halijakwisha.

Mwili wa jodari huwa na joto kuliko maji anamoogelea, na akipapatika kwenye mshipi joto hilo huzidi. Akifa, asipopozwa upesi hadi karibu nyuzi 4 za Selsiasi, bakteria huanza kuigeuza nyama yake na kutoa histamini. Vibua na nguru nao wamo katika hatari hiyo. Histamini ikishaingia haitoki: si kwa kukaanga, si kwa kuoka, si kwa kugandisha. Mlaji huiva uso, kichwa kikamgonga, ngozi ikamwasha, moyo ukamwenda mbio, pengine akaendesha, na yote hayo huweza kumpata ndani ya dakika chache tu. Wengi husema wamedhuriwa na mzio.

Mama karanga, kama Pwani inavyowaita wanawake wanaokaanga samaki na kuuza, huinua shavu la samaki aone kama bado ni jekundu, akabonyeza nyama, akanusa. Ni ujuzi mzuri, lakini hapa hautoshi, kwani samaki anaweza kuwa na histamini nyingi na bado asinuke. Anakaanga kwa moyo safi, anauza, mteja anaugua. Dhambi ni ya nani?

Fikihi ina mlango wa kuingilia. Bunju ni kiumbe wa baharini, lakini sumu yake huua, na wanazuoni hawaruhusu kula kinachodhuru. Tena Qurani, katika Surat Al-Baqara aya ya 168, haikutaja halali peke yake. Imeandamanisha na kilicho kizuri. Basi jodari aliyetoka baharini akiwa mzuri anaweza kuharibikia mikononi mwa watu kabla hajafika mezani.

Kuna pia kisa mashuhuri katika Sahihi Muslim. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya chakula, akakuta umajimaji chini. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Utetezi huo haukukataliwa. Mvua kweli haikuwa kosa lake. Alilaumiwa kwa kutoiweka sehemu iliyolowa juu, watu wakaiona. Mchuuzi wa samaki naye si yeye aliyeliwasha jua. Ila anajua chombo kilirudi saa ngapi na barafu ilikwisha wapi, na hayo ndiyo anayoyaficha anaponyamaza.

Hata hivyo ni dhuluma kumbebesha mama karanga mzigo wote. Dini hiyo hiyo haimkalifishi mtu asiloliweza, na mwenye mtaji wa ndoo moja hawezi kununua barafu ya kutwa. Anayeweza ni mwenye chombo, tajiri anayenunua kwa jumla, na serikali ya kaunti inayotoza ushuru. Jukumu lipande kwao kwanza. Wao hupata faida kabla yake, na saa za mwanzo ndizo zinazoamua.

Mnunuzi naye asijitoe. Akifika Liwatoni amuulize muuzaji: jodari huyu katoka majini lini, na katiwa barafu saa ngapi? Akikosa jibu, achukue samaki mwingine.