Mama aliyeimba sauti ya pili

Mzazi akifanya kazi na mwanawe, kuna swali ambalo nyumbani huwa haliulizwi kwa sauti: mkubwa hapa nani? Dukani baba anaweza kumtuma kijana stoo kila saa, hata kama hesabu zote anazijua kijana. Jukwaani ujanja huo haupo. Mwenye sauti anasikika.

Redio zetu zilitulea na Don Williams na Kenny Rogers, kwa hiyo The Judds niliwafikia nikiwa mtu mzima. Ni waimbaji wa kantri wa Marekani, Naomi Judd na binti yake Wynonna. Naomi alimzaa mwaka 1964 huko Ashland, Kentucky, akiwa na miaka 18, ndiyo kwanza anamaliza sekondari. Ndoa ikavunjika, akabaki na mabinti wawili. Baadaye wakahamia Tennessee, mama akafanya kazi ya uuguzi hospitalini. Wakiwa nyumbani, yeye na Wynonna walijirekodi kwa redio kaseti ya bei nafuu, na kaseti hiyo ndiyo iliyowatoa. Binti wa prodyuza Brent Maher alilazwa baada ya ajali ya gari, Naomi akamuuguza, kisha akampa baba mtu kaseti. Mwaka 1983 wakaimba mbele ya wakubwa wa kampuni ya RCA, gitaa moja tu, bila bendi, wakapata mkataba.

Nyimbo zao 14 zilishika namba moja kwenye chati za kantri, na tuzo za Grammy walizoa tano. Mimi kinachonivutia zaidi ni walivyogawana kazi. Wynonna, mwenye sauti nzito ya kukwaruza, ndiye aliyeongoza na kupiga gitaa. Mama aliimba sauti ya pili. Alicheza, alitaniana na watu, magauni yake yalijaa jukwaa, lakini wimbo ukianza alimpisha mwanawe. Wakishuka tu, umama ukarudi pale pale. Wenyewe hawakuficha kwamba ndani ya basi la safari waligombana sana. Nawaamini. Mzazi akikubali kuwa wa pili kazini, mara nyingi hutafuta pa kufidia.

Mwaka 1990 Naomi alitangaza kwamba anaacha kwa sababu ya homa ya ini aina ya C. Waliagana na mashabiki Desemba 1991 mjini Murfreesboro, Tennessee. Mwaka uliofuata Wynonna alitoa albamu yake ya kwanza peke yake, ikauza nakala milioni kadhaa. Hapo ndipo ningependa kujua mama alijisikiaje, kuona kiti chako kimeondolewa na wimbo bado mtamu.

Walirudiana mara kadhaa, na Aprili 2022 wakatangaza ziara ya mwisho. Tarehe 30 mwezi huo huo Naomi akafariki. Binti zake walisema ni ugonjwa wa akili uliowanyang'anya mama, na alikuwa amekwisha kueleza hadharani jinsi sonona ilivyomtesa. Kesho yake ndiyo siku iliyokuwa imepangwa yeye na Wynonna kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, Nashville. Wynonna na mdogo wake, mwigizaji Ashley, walikwenda. Walisimama wakilia, wakasoma pamoja Zaburi ya 23.

Kwetu siku ya pili ya msiba mfiwa yuko mkekani, kanga begani, watu wanaingia na kutoka. Angeonekana jukwaani, maneno yasingeisha mtaani. Nami nilianza na hukumu hiyo hiyo. Lakini heshima ile ilikuwa ya wawili, na mmoja hayupo. Nani mwingine angekwenda kuipokea?

Ziara nayo Wynonna hakuifuta. Waimbaji kama Martina McBride, Ashley McBryde na Brandi Carlile walipokezana kusimama naye. Mimi ningewarudishia watu hela za tiketi nikalale. Ila mimi sijawahi kufanya kazi na mama yangu, tukagombana njiani, na jioni tukaimba.