Neno Lisilo na Mwenyewe



Hapa Kariandusi, kando ya njia itokayo Gilgil kwenda Nakuru, yapo mashoka ya mawe ya kale mno, ambayo Louis Leakey na wenzake walianza kuyafukua mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwenye kuyatazama huona kuwa waliyachonga kwa sura moja, kizazi baada ya kizazi: mkono uliiga mkono. Kuiga ni neema. Lau si kuiga, mtoto asingejua kusema wala kusali. Lakini mlango uingizao elimu ndio huo huo uingizao maradhi ya fikira.

Natutazame neno moja. Katika mapigano ya Bonde la Ufa yaliyoanza 1991, majirani wa makabila mengine waliitwa "madoadoa". Doa si mtu, doa huondolewa. Neno hilo likakaa midomoni, na katika uchaguzi wa Desemba 2007 likasikika tena. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na Nakuru na Naivasha ni miongoni mwa miji iliyomwaga damu. Wala ubaya haukuwa wa kabila moja: waliouawa kule walilipiziwa kisasi huku, juu ya watu wasiomkosea mtu. Kila upande uliamini dhana ile ile, kwamba "wale wote ni wamoja".

Ukiuliza ni nani aliyelianzisha neno, humpati. Kila mmoja husema: "Mimi nimesema kama wasemavyo watu." Hapo ndipo penye hatari. Fikira mbaya ya mtu mmoja huona haya. Ikiwa ya wengi huitwa akili, na mwenye kuikataa huitwa msaliti.

Dini yetu haiukubali udhuru huo. Katika Suratun Nur, kwenye kisa cha uzushi aliozushiwa Bibi Aisha (r.a.), Mwenyezi Mungu anawalaumu watu kwa kuupokea uzushi kwa ndimi zao. Zingatieni: kwa ndimi, ilhali habari hupokewa kwa masikio. Maana yake, neno liliwatoka kabla ya kupimwa. Nasi twawakemea watu kwa taqlidi katika ibada; basi kuna taqlidi gani mbaya kuliko kumfuata asiyejulikana, bila ya dalili, katika damu ya jirani?

Atasema msemaji: "Lakini dhulma za ardhi ni za kweli." Naam, na haki idaiwe. Lakini dai lina mdai na mdaiwa, lina shamba na shahidi. Dhana ya kundi haimshitaki aliyedhulumu. Humhukumu aliye karibu.

Dawa imo katika kisa hicho hicho. Abu Ayyub al-Ansari alipotajiwa na mkewe yale wasemayo watu, alimuuliza kama yeye angeweza kulitenda jambo hilo. Mke akakataa. Basi Aisha, akasema Abu Ayyub, ni bora kuliko wewe. Uzushi ukafia nyumbani mwake.

Hivyo ndivyo yatupasavyo, dukani, ndani ya gari na barazani pa msikiti, khasa uchaguzi unapokaribia. Likija neno, tuulize: Nani kaona? Je, mimi ningelitenda? Pasipo jawabu, lisivuke kwetu.

Wabillahi tawfiq.