Kidonda Kisichouma na Swali la Ubaya

Tangu Epikuro wa Ugiriki afundishe kwamba kutokuwa na maumivu mwilini wala fadhaa rohoni ndicho kilele cha raha, wanafalsafa wengi wameyapima mabaya ya maisha kwa kipimo cha maumivu. Kipimo hicho hakitoshi mbele ya kidonda cha Buruli, ugonjwa adimu wa ngozi uliopata jina kutokana na eneo la Buruli nchini Uganda, ingawa daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo alikwisha kueleza vidonda vya namna hiyo mwaka 1897. Bakteria anayeuleta, Mycobacterium ulcerans, ni wa jamii moja na wale wa kifua kikuu na ukoma, naye hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, ambayo huua seli za ngozi na za mafuta yaliyo chini yake, hudhoofisha kinga ya mwili na hufisha hisia, hata kivimbe kidogo kikawa kidonda kipana pasipo mgonjwa kulia.

Kama ubaya ungekuwa maumivu tu, ingebidi kusema kwamba mtoto ambaye mkono wake unaharibika bila kumuuma hajapatwa na baya lolote, na hakuna mzazi atakayelikubali neno hilo. Ubaya basi ni kuharibika kwa kilicho chema, kuhisiwe au kusihisiwe. Na mwanateolojia anayeuliza kwa nini Mungu mwema aliruhusu maumivu hana budi kuuliza pia, na swali hili ni gumu zaidi, kwa nini aliruhusu madhara yasiyo na onyo.

Mwenye mwili asipoonywa, jicho la mwingine huwa wajibu. Mhudumu wa afya huchukua majimaji chini ya kingo za kidonda ili vinasaba vya bakteria vitafutwe maabara, kisha rifampisini na klarithromaisini hutolewa kwa wiki 8. Aliyewahi huweza kupona kwa dawa pekee, aliyechelewa huhitaji pia upasuaji na kupandikizwa ngozi.

Marafiki wa Ayubu walishikilia kwamba mateso yake yalitokana na dhambi, na hadi leo, kwa kuwa njia ya maambukizi barani Afrika haijathibitika, wapo wanaotaja laana au uchawi. Lakini hata lawama ya kitaalamu, ile inayomwelekea mama aliyekawia kumleta mwanawe hospitalini, haina haki, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulimnyima dalili ambayo ingemharakisha.