Sifa za Mwenye Lugha Nyingi

Msomaji, tukisikia kuwa mchezaji fulani wa sinema asema lugha nne au tano, aghalabu hustaajabu. Audrey Hepburn, aliyezaliwa Brussels mwaka 1929, alisema Kiingereza, Kiholanzi, Kifaransa na Kiitaliano. Viggo Mortensen, aliyezaliwa New York mwaka 1958 na kukaa Argentina utotoni, asema Kiingereza, Kihispania, Kidenmaki na Kifaransa. Na binti wetu Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico mwaka 1983 na kulelewa Kenya, ana Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania. Hiki cha mwisho alikifuata Mexico kwenyewe, alikopelekwa na wazazi wake alipokuwa na umri wa miaka 16. Sifa zao ni za haki, wala sikusudii kuzipunguza hata chembe.

Walakini twende kwanza Moyale, mji ambao mpaka wa Kenya na Ethiopia umepita katikati yake. Huko husikika Kiborana, Kisomali, Kiburji, Kiamhara na Kiswahili. Mwenye duka humjibu mnunuzi kwa lugha aliyokuja nayo. Hubishana bei kwa hii, huhesabu chenji kwa ile, na humkaripia mwanawe kwa ya tatu. Nani amwuliza alisoma wapi? Au watazame Waariaal, wakaao kati ya Warendille na Wasamburu na kuzoea lugha za pande zote mbili. Lugha hizo si ndugu. Kirendille ni jamaa ya Kisomali, na Kisamburu ni jamaa ya Kimaasai. Kiingereza na Kiitaliano vina udugu, ingawa wa mbali, ambao hizi mbili hazina. Mtoto achungaye mbuzi huko amevuka bonde pana kuliko wengi wanaosifiwa magazetini.

Swali langu basi ni hili: kwa nini jambo moja liitwe kipawa kwa huyu, na kwa yule lisipewe hata jina?

Yamkini utajibu kuwa mchezaji alijifunza kwa juhudi, na mwenye duka alipata bure kwa kuishi na majirani. Jibu hili halisimami. Kiholanzi kilikuwa lugha ya mama yake Hepburn, na Mortensen alikiokota Kihispania utotoni, kama mtoto wa Moyale aokotavyo Kiburji. Tena mtu aliyehamia Moyale akiwa mzima hujifunza bila kitabu wala mwalimu, na mtihani wake ni wa kila siku: akikosea tarakimu, hula hasara. Wengine watasema kuwa huyu hajui kuziandika lugha zake. Hilo lina uzito kidogo, kwa maana kuandika ni kazi ya pili na ngumu. Lakini mchezaji naye hatukumsifu kwa kalamu, tulimsifu kwa ulimi.

Nadhani tunazihesabu lugha kama tuhesabuvyo fedha za mataifa: hii hupokelewa kila mahali, na ile hukataliwa ng'ambo ya mto. Hesabu hii hatukuzaliwa nayo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kikuyu karibu na shule alivyopigwa, au kuvikwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya kumdhalilisha. Mtoto yule alikuwa akiongeza lugha ya pili juu ya ya kwanza, yaani akitajirika, naye akaambiwa kuwa mali aliyokuja nayo ni uchafu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaka dola ikuze na kulinda lugha za watu wa nchi hii. Hayo ni maneno mema. Lakini je, wewe ukijaza karatasi ya kuomba kazi, mahali palipoulizwa lugha uzijuazo, utaandika ngapi?

Sisemi kuwa lugha nyingi humfanya mtu kuwa mwema. La hasha! Dalali mjanja humwambia mwuzaji hivi na mnunuzi vile, naye hula katikati yao. Lugha ya pili ni mlango, na mwizi pia hupita mlangoni. Kinachopimika ni jinsi mtu achukuavyo neno la mwenzake. Mwaka 1992 Hepburn alikwenda Somalia kwa kazi ya UNICEF wakati wa njaa. Lugha zake zote zilikuwa za Ulaya. Katika safari kama ile, mgeni hana njia ya kujua mama mwenye njaa asema nini ila kwa kinywa cha mkalimani, na dunia hupata habari kwa jina la mgeni.

Wakalimani wengine ni watoto. Katika zahanati za kaskazini, bibi asiyejua Kiswahili huletwa na mjukuu wa miaka kumi au kumi na miwili. Mganga anena, mtoto asikiliza, kisha amgeukia bibi yake. Kabla ya kufungua kinywa hana budi kuamua: je, aseme neno lile la ugonjwa kama lilivyotamkwa, au atafute jingine la Kirendille ambalo halitamtisha mzee? Nyumbani hakuna aliyemfundisha hilo, na shuleni halimo katika mtihani. Bibi anamtazama, na mganga ameinua kalamu akingoja jibu.