Nani Atangulie Kisimani? Uhaba wa Kompyuta na Swali la Haki

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Methali hii twaifundisha kila mwaka, nasi huridhika mwanafunzi anapoieleza maana yake na kuitungia sentensi. Lakini ziko nyakati ambapo methali huacha kuwa somo la darasani, ikageuka kuwa swali linalotukabili sisi wenyewe. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu ardhi yetu hutoa bati, tungsteni na tantalamu, madini yanayotegemewa sana na viwanda vya elektroniki. Kongo na Rwanda ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa tantalamu duniani. Hata hivyo, shule zetu nyingi zina chumba kimoja cha kompyuta, chenye mashine chache kuukuu, na wanafunzi watano au sita wakibanana mbele ya kioo kimoja. Na pindi dunia inapopatwa na uhaba wa vifaa hivyo, sisi husimama mwishoni mwa foleni. Twauliza basi: kitu chenye manufaa kwa wote kinapokuwa haba, ni nani mwenye haki ya kutangulia?

Kabla ya kujibu, yafaa tukifahamu kitu chenyewe. Ubongo wa kompyuta, uitwao prosesa, ni kipande kidogo cha silikoni, na silikoni asili yake ni mchanga. Juu ya kipande hicho huchorwa swichi ndogo mno ziitwazo transista, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme upite au kuuzuia. Kwa kuruhusu na kuzuia huko, kompyuta hujumlisha, hulinganisha, huandika na hukumbuka. Mwaka 1971 kampuni ya Intel iliuza prosesa yake ya kwanza, 4004, iliyokuwa na transista 2,300 hivi, nayo ilitokana na agizo la kampuni ya Kijapani iliyotaka mashine za kukokotoa hesabu. Siku hizi ziko prosesa zenye transista zaidi ya bilioni kumi. Gordon Moore, aliyebashiri mwaka 1965 kwamba idadi hiyo ingeongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akairekebisha kuwa kila miaka miwili, hakukosea sana.

Ukuaji huo ulizaa mgawanyo wa kazi. Zamani aliyebuni prosesa ndiye pia aliyeitengeneza. Mwaka 1987 Morris Chang alianzisha huko Taiwan kampuni ya TSMC, ambayo kazi yake ni kutengeneza yale yaliyobuniwa na wengine. Tangu hapo msanifu wa nyumba aliweza kuchora ramani bila ya kuwa mwashi. Jambo hili liliwafungulia mlango wabunifu wengi waliokosa mtaji wa kujenga kiwanda. Lakini kadiri swichi zilivyozidi kuwa ndogo, ndivyo waashi walivyozidi kuwa wachache. Leo prosesa za hali ya juu kabisa, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na kampuni hiyo moja. Na mitambo ya kuzichapa kwa mwanga wenye wimbi la nanometa 13.5 huundwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Ndani ya mtambo huo, matone ya bati lililoyeyushwa hupigwa kwa mwanga wa leza, matone kama 50,000 kila sekunde, ili yatoe mwanga huo. Bati! Madini ya aina ile ile anayoichimba kijana wa Kivu kwa sururu na koleo.

Njia inapokuwa nyembamba kiasi hicho, mtu mmoja akijikwaa wote husimama. Ndivyo ilivyokuwa baada ya maradhi ya korona kuenea mwaka 2020. Watu walifanya kazi na kusoma nyumbani, wakahitaji kompyuta zaidi. Watengenezaji wa magari, wakitazamia biashara mbaya, walipunguza maagizo yao. Waliporudi kuagiza, walikuta nafasi zao zimekwisha kuchukuliwa. Februari 2021 baridi kali ilisimamisha viwanda mjini Austin, Texas, na mwezi uliofuata moto ulizuka katika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Uhaba ukadumu hata mwaka 2022.

Mwishoni mwa mwaka 2025 ukaja uhaba wa namna nyingine. Vipande vya kumbukumbu, ambavyo bila hivyo prosesa haina pa kuwekea kazi yake, hutengenezwa kwa wingi na kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Kampuni hizo zilielekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye kumbukumbu za mitambo mikubwa ya akili bandia, kwa kuwa huko ndiko kwenye faida. Bei kwa mnunuzi wa kawaida ikapanda sana, na Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba itaacha kumuuzia mnunuzi huyo bidhaa zake za jina la Crucial.

Twaomba msomaji atofautishe mambo hayo mawili. Baridi, moto na maradhi ni misiba, na aliyefikwa na msiba hana wa kumlaumu, ijapokuwa aweza kulaumiwa kwa kutojiwekea akiba. Lakini kumbukumbu kuelekezwa kwa mnunuzi mmoja na kunyimwa mwingine si msiba. Ni uamuzi wa watu. Ukame ni kisima kukauka. Hapa kisima kina maji, ila mwenye kisima amekubaliana na mwenye malori ya tangi, na mama mwenye ndoo anaambiwa asubiri. Pale penye uamuzi pana swali la haki, na halizimiki kwa kuitwa jina la uchumi.

Wako watakaotujibu kwamba hapana dhuluma yoyote. Aliyelipa amepewa, bei ndiyo mizani isiyo na upendeleo, haiulizi kabila wala dini. Tena bei ikipanda, wenye mitaji huvutwa kujenga viwanda vipya, na kesho uhaba hupungua. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa ina ukweli ndani yake: mgawo unaoamriwa na ofisi waweza kuwa mlango wa rushwa, jambo ambalo sisi wa nchi hizi twalijua vyema. Hata hivyo, mizani hupima kile tu kilichowekwa juu yake. Bei hupima uzito wa mfuko. Haipimi uzito wa haja. Mwenye mashine elfu anayetaka ya elfu na moja, na shule isiyo na hata moja, mbele ya bei ni wanunuzi wawili wanaotofautiana kwa fedha tu. Mwenye nguvu mpishe, husema methali. Lakini methali hiyo yatushauri jinsi ya kujiokoa, haituambii kwamba mwenye nguvu ana haki.

Wengine watatujibu kwa njia nyingine: ninyi mnajivunia udongo, na udongo bila elimu ni udongo tu. Hapa hatuna budi kukiri. Silikoni ya prosesa haitoki Kivu, na tantalamu yetu hutumika zaidi katika vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji vilivyo kando ya prosesa kuliko ndani yake. Thamani kubwa ya kompyuta imo katika miaka mingi ya fikra na majaribio ya watu ambao hawakuwanyang'anya wachimbaji wetu akili zao. Tukidai kwamba kompyuta ni mali yetu kwa sababu ya bati, tutakuwa kama mwuza kuni anayedai kuwa pilau yote ni yake. Lakini mwuza kuni naye ana madai ya haki: asipunjwe bei ya kuni, asiumizwe msituni, na wala asifukuzwe kwa aibu harufu ya pilau inapomfikia. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zinazouza hisa zake huko zieleze kama madini yake yatoka Kongo na nchi jirani. Sheria hiyo ilikiri jambo moja kubwa: kwamba kati ya kioo cha mnunuzi na shimo la mchimbaji pana kamba, hata kama ni ndefu kiasi gani. Penye kamba pana wajibu katika ncha zote mbili.

Basi wajibu wa upande wetu ni upi? Kwanza ni kukataa kuamini kwamba mwenye kidogo hawezi kubuni. Mjini Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo ya Acorn iliwapa Sophie Wilson na Steve Furber kazi ya kubuni prosesa mpya, kwa watu wachache na fedha kidogo. Kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kuongeza, walijifunza kupunguza: amri chache, sahili, zinazotekelezwa upesi. Aprili 1985 prosesa yao ya kwanza, ARM, ilifanya kazi ikiwa na transista 25,000 hivi, ilhali ile ya Intel ya mwaka huo huo, 80386, ilikuwa nazo 275,000. Uchache huo uliifanya itumie umeme kidogo mno, na leo kizazi chake kimo katika karibu kila simu ya mkononi tunayoishika. Hatusemi kwamba uhaba ni neema. Asemaye hivyo aghalabu ameshiba. Twasema tu kwamba uhaba hauondoi akili.

Vivyo hivyo, mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walianza kutunga RISC-V, mfumo wa amri za prosesa unaoruhusiwa kutumiwa na yeyote bila malipo. Mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Lugha yetu ilivuka maziwa na milima ikatufikia sisi majirani bila ya mtu kulipia kibali cha kuisema, nasi tukaitia maneno yetu, ikazidi kustawi. Kilichoachwa wazi kwa wote huwapata wajenzi hata mahali ambapo hawakutazamiwa.

Wajibu wa wenye wingi ni kuacha kuzalisha uhaba kwa ubadhirifu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya bure kwa programu ya Windows 10, na kompyuta nyingi, zilizo nzima, hazikukubaliwa na programu iliyofuata kwa sababu prosesa zake zilihesabiwa kuwa za zamani. Hivyo basi, katika miezi ile ile ambayo kumbukumbu mpya zilipanda bei, mashine zenye kumbukumbu njema ziliambiwa kwamba wakati wake umepita. Usiache mbachao kwa msala upitao: mashine hizo zaweza kutiwa programu huria na kumfundisha mtoto kuandika, kuhesabu na hata kubuni.

Lakini tutakuwa wanafiki tukiishia kuwanyoshea kidole walio mbali. Ndugu walimu, sisi nasi tuna kisima, na funguo zake zimo mifukoni mwetu. Katika chumba kile cha mashine chache, ni nani tunayemkalisha mbele ya kioo? Mara nyingi ni yule wa darasa la mtihani, aliye hodari, ambaye kwao kuna kompyuta, kwa kuwa yeye atailetea shule sifa. Mtoto ambaye hajapata kugusa kibonyezo husimama nyuma, akitazama mabega ya wenzake hadi kengele ilie. Sisi wenyewe tumefanya hivyo, na tulipoulizwa na mtoto mmoja zamu yake ni lini, tulimjibu kwamba asubiri. Je, jibu letu lilitofautiana nini na lile la mwenye kisima aliyekubaliana na mwenye malori? Tulipima kile chenye faida kwetu, tukakiita haki.

Rai yetu ni hii. Kinapokuwa haba kile ambacho bila hicho mtu hawezi hata kuanza, atangulie yule asiye nacho kabisa, kisha ndipo wenye nacho waongezewe. Kanuni hii haitajenga kiwanda wala haitashusha bei ya kumbukumbu. Lakini yaweza kubandikwa leo mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na hatuhitaji ruhusa ya Taiwan wala ya Marekani kuifuata. Asiyeitenda haki kwenye mashine sita, kwa kinywa gani ataidai haki ya ulimwengu? Wenzetu wenye maoni tofauti watuandikie. Kisima hiki ni chetu sote.