Uhuru kwa Idhini: Mjumbe, Mshauri na Haki ya Kuona

Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, wajumbe sita hutumwa pande sita ili warejee na maarifa yatakayoifaa nchi yao. Warejeapo, hutiwa gerezani. Tukio hili husomwa aghalabu kama shutuma dhidi ya utawala usiovumilia ukweli, na usomaji huo hauna kasoro. Hata hivyo, umeifunika nukta moja muhimu: wajumbe hao waliona kwa macho yao wenyewe. Adhabu iliwafika baada ya kuona. Hakuna mtumishi wa baraza aliyewatangulia njiani kuwachagulia cha kutazama. Kusadikika iliwanyima wajumbe wake uhuru wa kusema. Haikuwanyima uhuru wa kuona.

Tofauti hiyo ina uzito wa kimaadili katika suala la kamati za wataalamu zinazoalikwa kuongoza utafiti juu ya demokrasia na teknolojia ya dijitali. Mtaalamu aliyeruhusiwa kusema lolote, ilhali huona tu kile alichoonyeshwa, je, ni mtu huru?

Mwaka 2018 iliundwa Social Science One, taasisi ya wanazuoni iliyokusudiwa kuwa daraja baina ya Facebook na watafiti waliotaka kuzijua athari za mtandao huo kwa chaguzi na demokrasia. Data zilizoahidiwa zilichelewa. Zilipotolewa, ilibainika mwaka 2021 kwamba zilikuwa zimewaacha nje takriban nusu ya watumiaji wa Marekani. Dosari hiyo iligunduliwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Urbino, Italia, alipozilinganisha takwimu zile na taarifa ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeitangaza hadharani. Kampuni ilikiri na kuomba radhi. Hapana haja ya kudai kwamba palikuwa na njama. Kosa la kawaida la kihesabu latosha kuonyesha jambo lenyewe. Laiti kampuni isingaliitangaza taarifa ile, ni nani angalijua?

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu masharti yake yalikuwa mema. Wanazuoni 17 walishirikiana na watafiti wa kampuni hiyo kuchunguza nafasi ya Facebook na Instagram katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020. Hawakulipwa na kampuni. Waliyasajili maswali na mbinu zao kabla ya kuyaona matokeo, na walikuwa na kauli ya mwisho juu ya maandishi. Data ghafi, hata hivyo, ilibaki mikononi mwa waajiriwa wa kampuni. Katika jaribio mojawapo, lililowahusu watumiaji zaidi ya 23,000 wa Facebook na zaidi ya 21,000 wa Instagram, baadhi yao waliondolewa kwenye mpangilio wa habari unaoamuliwa na algorithimu, wakapewa unaofuata wakati. Kwa muda wa miezi mitatu, uhasama wao wa kisiasa haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Makala ya kwanza yalipochapishwa Julai 2023, kampuni iliyatumia kama ithibati kwamba mitandao yake pekee haiwezi kulaumiwa kwa mfarakano wa wananchi.

Michael Wagner, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, alikuwa amealikwa kuwa mwangalizi huru wa mradi huo. Alishuhudia kwamba matokeo yaliaminika, kisha akakataa kuupendekeza mradi kuwa kielelezo cha ushirikiano wa baadaye. Wanazuoni walikuwa huru, kwa maelezo yake, lakini uhuru huo ulikuwa wa idhini. Mwaka 2024 watafiti wengine walionyesha, katika jarida la Science, kwamba kipindi cha jaribio lile kiliangukia wakati ambapo kampuni ilikuwa imeibadilisha algorithimu yake kwa hatua za dharura za uchaguzi. Ni kama kupima chumvi ya kisima siku ambayo mwenye kisima amemimina humo maji ya mvua. Mpimaji ni mwaminifu na kipimo ni sahihi, bali maji si yale wanywayo majirani kila siku.

Mtetezi wa kamati hizi atasema kuwa kuona kwa idhini ni afadhali kuliko kutoona kabisa, na kwamba siri za mamilioni ya watumiaji haziwezi kuachwa wazi kwa kila mwenye shahada. Hoja hii ni nzito, wala Wagner mwenyewe hakuipuuza. Udhaifu wake ni kwamba inamtazama mtaalamu kana kwamba hutoa maarifa tu. Hutoa pia jina lake. Maarifa yakiwa na mipaka, jina husafiri bila mipaka hiyo, na mpiga kura husikia tu kwamba wanazuoni wamechunguza.

Kiswahili kina neno moja, shauri, kwa maana ya nasaha na pia kwa maana ya kesi, na maana hizi mbili zilikutana Nairobi mwaka 2017. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zitazamwe, chini ya usimamizi wa wataalamu walioteuliwa na Mahakama yenyewe. Tume haikuitekeleza amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi wa urais, na katika sababu zao walizotoa baadaye ule ukaidi ulihesabiwa dhidi ya tume. Wataalamu wale hawakuwa na elimu kuliko wenzao wa Marekani. Walikuwa na amri nyuma yao, na kwa ajili hiyo mlango uliofungwa ukawa ushahidi. Katika makala ya kamati iliyoalikwa, mlango huohuo huandikwa chini ya kichwa cha mipaka ya utafiti, kabla tu ya shukrani.